Ukuta Uliokohoa

Ukuta ulikohoa Jumatatu asubuhi, na kama ilivyo kawaida ya watu wa kliniki, kila mmoja akamgeukia jirani yake.

"Si mimi," alisema Mzee Mbwilo, ambaye alikuwa na kifua kikuu kilichothibitishwa na kwa hiyo alisingiziwa kila kikohozi kilichosikika kijijini Ikovela. "Mimi changu nimekiacha nyumbani kinachunga mbuzi."

Benchi zima likacheka. Ndipo ukuta ukakohoa tena, kikohozi kirefu chenye mkia, mpaka wavu wa chuma uliokuwa mbele yake ukatikisika. Kicheko kikakatika hapohapo.

Sista Ezelina Tweve aliweka kikombe cha chai mezani bila kuangalia kama meza ipo. Kwa bahati ilikuwepo. Akaenda moja kwa moja ukutani, akapenyeza vidole kwenye matundu ya wavu, akagusa.

Pafu lilikuwa limejaa ukuta mzima kama siku zote, la pinki, lenye unyevu, likivimba na kunywea, likivimba na kunywea. Juu karibu na dari, pua zake mbili zilivuta hewa ya chumba pamoja na kila kilichokoholewa humo. Kamasi zilinasa uchafu, vinyweleo vikausukuma, uchafu ukashukia kwenye sahani ya umeme ukaungua. Chini, usawa wa magoti, mdomo wake ulirudisha hewa safi, ya uvuguvugu, yenye harufu kidogo ya mtoto anayeamka.

"Amepaliwa," Ezelina alisema.

"Labda uji ulikuwa wa moto, Mama Lute," alijibu Skola Chaula, nesi kijana, aliyekuwa amekaa kitini palepale kwenye mdomo wa Pafu na miguu kainyoosha kwenye joto. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana chini ya sweta. Kile ndicho kiti chenye joto kuliko vyote kituoni, na Ezelina mwenyewe ndiye aliyempa. Uji aliousema ni yale maji ya sukari na madawa ambayo Pafu hunyonya kwa mpira kutoka kwenye pipa. Wataalamu wana jina refu la kuyaita. Ikovela wanaita uji, maana kinachonyonya na kulala, chakula chake ni uji.

"Uji ulikuwa vuguvugu," Ezelina alisema. Kisha akaunong'oneza ukuta, "Pole, mwanangu."

Hakuna aliyeshangaa. Kila mtu pale kwenye benchi alijua lile Pafu lilikuwa la nani.

Lilioteshwa kutoka kwenye mapafu ya Lutengano, mtoto wake wa pekee, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, kijana aliyeweza kushikilia sauti moja mpaka mchungaji akasahau alichotaka kuhubiri. Pikipiki na lori la viazi vilimmaliza kwenye kona moja ya barabara ya Njombe, mwaka uleule aliomaliza sekondari. Ezelina akiwa bado ameshika viatu vya mwanawe kwenye korido ya hospitali, wakaja watu wawili wapole. Wakamweleza kwamba nchi inaotesha mapafu ya ukutani kwa ajili ya kliniki za TB, na kwamba mbegu nzuri ni ya kijana asiyevuta sigara, mwenye kifua kipana.

"Yatapumua?" aliwauliza.

"Yatapumua, mama."

Akakubali palepale.

Sheria inakataza Pafu kupelekwa kwa ndugu wa mtoaji. Lakini sheria haikuwa imekutana na fundi wa mapafu hayo, Ambakisye Mwaipopo, ambaye alibadilisha vibandiko vya masanduku njiani, kisha akaapa kwa jina la bibi yake kwamba ni bahati nasibu. Ndivyo Lutengano alivyorudi nyumbani, akajengewa ukutani, katika chumba alichofanyia kazi mama yake. Wagonjwa walizoea haraka. Wakiingia walisalimia benchi kwanza, halafu ukuta: "Kamwene, Lute." Pafu likashusha pumzi. Wakasema kaitika.

Sasa tuje kwenye madirisha, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Ukimwamsha mfanyakazi yeyote wa Ikovela usingizini, hata kabla hajafikicha macho, atakujibu: madirisha wazi saa zote za kliniki, Pafu liwepo lisiwepo. Anayekohoa apite mbele, asioze kwenye foleni. Mhudumu akae upande upepo unakotoka, mgonjwa upande upepo unakokwenda. Barakoa ibane pua. Kila mwaka walifanya mtihani wa kuzuia maambukizi na kila mwaka walifaulu mpaka wilayani wakadhani wanapeana majibu. Hawakupeana. Walijua kwelikweli. Aliyewafundisha ni Ezelina, na alifundisha vizuri, kwa nyimbo na kwa makofi.

Lakini kujua kwao kulikuwa kichwani. Barakoa zao zilikaa kidevuni. Na kila asubuhi, kabla benchi halijajaa, mwalimu wao huyohuyo alizunguka chumba akafunga madirisha, moja baada ya jingine, na kubana mianya kwa vitambaa.

Huku Makete mwezi wa sita si mahali pa mchezo. Majani yanaamka na barafu, maji ya kwenye ndoo yanavaa ngozi. Pafu lilikuwa likitetemeka asubuhi, na Ezelina hakuweza kuliangalia likitetemeka. Siku za ukaguzi alifungua. Mkaguzi akigeuza gari, alifunga. Na wenzake hawakusema neno, kwanza kwa sababu hata wao walipenda joto, na pili kwa sababu ni mdomo gani utamwambia mama amwache mwanawe kwenye baridi?

Ukuta ukakohoa mara ya tatu.

"Skola," alisema Ezelina bila kugeuka, "niletee kikopo."

"Cha nini?"

"Cha makohozi."

Skola akaleta kikopo na kalamu, halafu akasimama. Kikopo cha makohozi lazima kiandikwe jina.

"Andika Ukuta," alishauri Mzee Mbwilo. "Kazi yake, kupumua. Dini yake, Mlutheri."

Watu wachache wakacheka kwa adabu. Ezelina akachukua kalamu, akaandika mwenyewe: Lutengano.

*

Fundi Ambakisye alipanda mlima kesho yake na pikipiki ya umeme, mashine ya kupimia kaifunga nyuma kama kuku wa sikukuu. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na mdomo wake ulitangulia kufika kila alikokwenda.

"Shikamoo, Mama Lute! Hivi nyie Wakinga biashara imewazidi mpaka ukuta mnaukodishia kifua?"

Siku nyingine angejibiwa, na angejibiwa vibaya, na wote wangefurahi.

"Marahaba," Ezelina alisema. "Pima."

Mashine ilikuwa ndogo kama redio. Fundi akaweka makohozi ya ukuta, akafunga, akakaa. Chai aliyopewa haikuwahi kupoa, jibu likatoka. Aliangalia jibu, akalifuta, akapima upya. Akaliona la pili. Alitoa barakoa mfukoni, akaivaa, akaibana vizuri juu ya pua kwa vidole viwili. Ezelina alikuwa hajawahi kumwona Ambakisye na barakoa iliyovaliwa sawasawa. Hivyo ndivyo alivyopata majibu.

"Watoe watu nje," fundi alisema.

Walikaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na shamba la pareto la kituo. Ambakisye alizungusha kofia ya pikipiki mapajani.

"Lina askari wake wa damu," alianza. "Kama mimi na wewe. Vijidudu wachache kwa siku linawameza bila taabu. Dirisha likiwa wazi, upepo unachukua wengi, lenyewe linabakiziwa wachache. Dirisha likifungwa linabakiziwa wote. Askari wamechoka, mama. Vijidudu wamehamia na wamejenga."

"Na akipumua?"

"Likipumua linawagawa. Chini pale, usawa wa magoti."

Usawa wa magoti. Ezelina aliona watoto waliokaa sakafuni wakisubiri mama zao. Aliona kiti cha Skola.

"Nilikuwa naogopa ataganda," alisema.

"Lingetetemeka." Fundi alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Nimeyafunga mapafu haya mpaka kule Kitulo. Yanatetemeka miezi ya baridi, kama sisi. Kutetemeka si kufa, mama."

Shambani mtu alikuwa anachuma pareto, akiimba wimbo asioujua vizuri.

"Tumtibu," alisema mwishowe. "Dawa si zipo?"

"Zipo. Tutaziweka kwenye uji. Lakini mtu ana ini la kumsaidia, hili halina, kwa hiyo ni dozi ya kitoto, kidogokidogo. Mwaka mzima, labda na zaidi. Chumba kifungwe, madirisha yabanwe, jiko liwake mchana na usiku, maana likiwa gonjwa halistahimili baridi tena. Asiingie mtu bila barakoa ya kubana. Na mwisho wake siwezi kukuahidi kitu."

"Au?"

Ambakisye akaangalia kofia. "Au ufungue madirisha. Upepo utatoa vijidudu, baridi italilaza. Halivuki mchana mmoja."

"Ukikata mpira wa uji?"

"Litakufa wiki nzima, na wiki nzima litakuwa linagawa."

"Litasikia?"

"Halina ubongo, mama. Halijui baridi."

"Mbona linatetemeka?"

Fundi Ambakisye akaanza kukwangua tope kwenye kofia kwa ukucha.

"Anayeamua ni nani?" Ezelina aliuliza, ingawa alijua.

"Msimamizi wa kuzuia maambukizi wa kituo."

Ezelina akatoa kicheko kidogo kibaya, kama mtu aliyepaliwa. Mganga hajigangi, wanasema. Huyu alikuwa ametakiwa ajigange na kisu akishike mwenyewe.

Mchana ule wafanyakazi wote walipimwa. Mmoja baada ya mwingine waliinuliwa kidole gumba: safi, safi, safi. Wa mwisho alikuwa Skola. Alitoka nje polepole, mikono kaifungia ndani ya sweta, akasimama mbali, hatua kadhaa, upande upepo unakokwenda, vilevile kama alivyofundishwa.

"Mama Lute," alisema. "Mimi ninayo."

Hakulia. Akauliza tu kama vile vidonge vyekundu vitamdhuru mtoto tumboni, na Ezelina akamweleza kwamba havitamdhuru, kwamba wajawazito wengi wanatibiwa wakapona, kwamba mtoto akizaliwa naye atapewa dawa ya kumkinga. Alieleza yote kwa mpangilio, bila kukosea hata neno moja. Moyoni alikuwa anasikia methali ya utotoni, kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Miaka yote alidhani inasema habari za wezi.

Aliamua kumtibu Lutengano. Nani asingemtibu?

*

Kliniki ikahamia barazani.

Kitaalamu lilikuwa jambo zuri: hakuna dawa ya hewa chafu inayoshinda hewa ya nje. Tatizo ni kwamba mtaalamu aliyeandika hivyo hakuwahi kukaa kwenye saruji ya Ikovela mwezi wa sita. Ukungu ulipanda bondeni, ukaingia barazani bila kubisha hodi, ukakaa na wagonjwa. Watu walijifunika blanketi mpaka ikawa vigumu kujua nani anakohoa. Skola naye alikuja, sasa kama mgonjwa, akikaa mwisho wa foleni na kumeza vidonge vyake mbele ya wenzake. Ezelina alimpa maji ya moto. Aligundua kwamba hawezi kumwangalia kooni wakati anameza.

Ndani kulikuwa na joto. Jiko liliwaka, vitambaa vilibana kila mwanya, na maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwa Pafu yaligeuka rangi ya chungwa kwa ile dawa nyekundu, kama mkojo wa wagonjwa wake wote. Asubuhi na jioni Ezelina alivaa barakoa ya kubana, akaingia, akamimina uji, akakaa kidogo kumpa habari: nani kaoa, mbuzi wa nani kafa, bendi imepata mpiga tarumbeta mpya ambaye anatia aibu. Kikohozi kilionekana kupungua. Au alitaka kipungue. Mama akikaa karibu na mgonjwa hasikii sawasawa.

"Sista," Mzee Mbwilo alimwita siku moja kutoka ndani ya blanketi. "Nikuulize bila ubaya."

"Uliza, baba."

"Mle ndani kuna jiko?"

"Lipo."

"Nani analiota?"

Ezelina akainamia birika la maji ya moto.

"Sawa," mzee alisema. "Mimi nina kifua. Ukuta una kifua. Ukuta umepewa jiko, mimi nimepewa ngazi ya saruji. Si vibaya. Nilitaka tu kujua cheo changu."

Akameza vidonge vyake, akapangusa mdomo, akainamisha kichwa kwa heshima na kuondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa pia.

Ezelina alimfuata. Hakumkuta nyumbani, alielekezwa kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi nyuma ya mnada. Kilikuwa kibanda cha mianzi kilichofungwa mlango kwa sababu ya upepo. Alipousukuma, joto lilimpiga usoni, joto la moto wa kuni na la watu wengi waliobanana. Mzee Mbwilo alikuwa katikati, kibuyu mkononi, anasimulia kitu. Alikuwa anacheka, akakohoa, akacheka, na walio karibu naye wakacheka pamoja naye. Kulikuwa na kina mama wawili wenye watoto mgongoni.

"Karibu, sista!" mzee alimwita kwa furaha ya kweli. "Ingia ufunge mlango. Huku kuna joto."

Ezelina alisimama pale mlangoni na mkono kwenye kitasa cha kamba. Alitazama moshi, mlango uliofungwa, kikohozi kinachozunguka kutoka kinywa hadi kinywa kama kibuyu chenyewe. Ni kama yeye ndiye aliyekijenga chumba kile. Aliondoa watu kwenye pumzi ya mwanawe akawatuma kwenye pumzi ya Mbwilo, na Mbwilo hakuwa na kosa. Mbwilo alifuata jiko.

"Baba, dawa zako," alisema.

"Nitakuja nikipata joto."

"Lini?"

"Mwulize mwenye jiko."

*

Alimkuta Skola barazani, peke yake, anakunja mablanketi. Hakuwa amepangiwa kazi. Alitakiwa kuwa nyumbani amelala, lakini Skola hakuwa mtu wa kulala.

"Umempata?" aliuliza.

"Nimempata."

"Atarudi?"

Ezelina akakaa kwenye ngazi. Skola akamaliza blanketi alilokuwa nalo, akaliweka juu ya jingine, akalilainisha kwa kiganja. Halafu akakaa naye, lakini kwa mbali, na uso akaugeuzia upande.

"Mama Lute, sijakuuliza kitu chochote tangu nilipopimwa."

"Najua."

"Na sina hasira. Nilijua madirisha yamefungwa. Nilijua, nikanyoosha miguu. Kwa hiyo usidhani nakuuliza kwa hasira."

"Uliza tu, mwanangu."

Skola aliweka mkono kwenye tumbo. "Huyu akizaliwa, nimlete wapi kupimwa?"

Ezelina alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, kwani alilifundisha: mtoto wa mama mwenye TB aletwe kituo cha karibu mapema, apimwe, aanzishiwe kinga. Kituo cha karibu. Alitazama baraza yenye ukungu, ambapo mtoto mchanga angefunuliwa kifua kwenye upepo. Akatazama mlango wa chumba, nyuma yake kukiwa na joto, na katika joto hilo mwanawe anapumua kifo usawa wa magoti. Nje hapafai na ndani hapafai, na yeye ndiye aliyepagawanya hivyo.

Skola hakusubiri jibu. Hakuwa ameuliza ili ajibiwe leo. Alinyanyuka, akabeba mablanketi, akaenda.

*

Alichagua siku yenye jua, maana alishindwa kumfungulia Lutengano madirisha siku ya ukungu.

Alimpigia simu fundi Ambakisye, akamwambia maneno mawili, "Njoo ubomoe," na fundi akaitikia bila utani. Alimwambia Skola akae mbali, na watu wengine wote wakae upande wa shamba, ambako upepo unatokea. Kisha akavaa barakoa, akabana pua, akaingia na kufunga mlango nyuma yake.

Pafu lilikuwa limelala ile namna yake, likivimba polepole. Ezelina alizima jiko kwanza. Akatoa vitambaa kwenye mianya, akavikunja vizuri kimoja kimoja, kama nguo za mtoto zinazotarajiwa kurithiwa na mdogo wake. Alikuwa anachelewesha na alijua anachelewesha.

Dirisha la kwanza lilikuwa limegoma. Alilipiga kwa kiganja mpaka likafunguka kwa kelele, na upepo ukaingia kama mgeni aliyesubiri nje muda mrefu na sasa haombi radhi. La pili. La tatu. Hewa ya Makete ikajaa chumbani, kali, yenye harufu ya udongo wenye maji na maua ya pareto. Karatasi mezani zikaruka. Kalenda ikageuka miezi yenyewe.

Pafu likatetemeka.

Ezelina alirudi ukutani, akapenyeza vidole, kisha akaona vidole havitoshi. Akaegemeza shavu la barakoa kwenye wavu na kifua chake chote. Alisikia mtetemo ule ukipita kwenye mifupa yake. Tangu mtoto huyu ajue kutembea, alikuwa mama wa kuita kutoka mlangoni: ingia ndani, kuna baridi, utaugua, ingia. Alikuwa amelirudia neno hilo mpaka majirani wakalizoea kama jogoo. Sasa alitafuta neno jingine na hakulipata, kwa sababu hajawahi kufundishwa na hakuna mtihani wake.

"Haya," alisema. "Haya, baba. Nenda nje."

Likavimba. Likanywea. Likavimba tena, kidogo kuliko mwanzo. Jua lilihama kutoka meza ya kwanza mpaka ya pili, na yeye hakuhama. Mtetemo ulipungua, ukawa kama wa simu iliyo mfukoni mwa mtu mwingine. Baadaye akagundua kwamba kinachotetemeka ni yeye peke yake.

Aliendelea kusimama. Alikuwa nesi, alijua namna ya kuhakikisha. Alikuwa mama; akahakikisha tena.

*

Fundi Ambakisye alilifungua kutoka ukutani kabla ya jua kuzama, amevaa glavu nene, akifanya kazi kimya kama mtu aliye kanisani kwa mara ya kwanza.

"Naweza kuandika kwamba limepotea njiani," alimwambia Ezelina pembeni. "Ukalizika. Karibu na kaburi la mwenyewe. Mimi vibandiko nimeshabadilisha, cha pili hakinishindi."

Lilikuwa jambo zuri kuambiwa. Ezelina alilifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa. Aliona shimo dogo kando ya kaburi kubwa, aliona udongo.

"Ni taka za kuambukiza," alisema. "Mfuko mwekundu. Zinachomwa."

"Mama..."

"Nimewafundisha hivyo, Ambakisye. Safari hii tufanye tunachojua."

Aliufunga mfuko mwenyewe, akausokota shingo, akaukunja, akaukaza. Fundi akaunyanyua akijiandaa kwa uzito, nusura apepesuke kwa wepesi wake.

"Mapafu hayana uzito," alisema. "Ilikuwa hewa tu, mama."

Wakati kichomea taka kikipata moto, upande wa pili wa kituo kulikuwa na kelele za kazi. Skola alikuwa anaelekeza watu kwa sauti, kutoka mbali, barakoa usoni: mabenchi yaingizwe ndani, jiko liwekwe katikati ya wagonjwa, madirisha yasiguswe na mtu, la sivyo atamkata mkono. Mtu alikuwa ametumwa kilabuni kumwambia Mzee Mbwilo kwamba jiko sasa ni la watu. Jibu lililorudi lilikuwa la matusi, lakini mleta jibu alikuwa ameshika blanketi la mzee, na mzee mwenyewe alikuwa nyuma yake anapanda mlima, anapumzika kila baada ya hatua chache.

Moshi ulianza kutoka kwenye bomba. Kwanza mweusi, halafu wa kijivu, halafu mwembamba karibu usionekane. Kila aliyekuwa karibu akahamia upande upepo unakotoka. Walifanya bila kuambiana, na kwa mara ya kwanza miguu yao ilijua kilichokuwa kichwani mwao. Ezelina peke yake alibaki upande ule mwingine.

Alijua kwamba moto ule haubakishi kijidudu hata kimoja. Hilo nalo alikuwa amelifundisha, kwa wimbo. Alijua pia kwamba moshi ni moshi, haufai kifuani mwa mtu wa umri wake. Akashusha barakoa mpaka kidevuni. Moshi ulimfikia usoni, wenye joto bado, akafumba macho na kuuvuta ndani mpaka mwisho wa mbavu zake, akaushikilia.

"Mama Lute!" Skola alipiga kelele kutoka mlangoni. "Barakoa!"

Ezelina akainua mkono kuonyesha kwamba amesikia.

"Mama! Vaa!"

"Navaa," alijibu, na sauti ikatoka na moshi. "Navaa, mwanangu. Subiri."

Akavuta pumzi nyingine moja kwanza.